Macho ya watoto wetu: shamba linasaidia wapi, na wapi haliwezi



Tangu masomo yafunguliwe kisha Covid, wazazi wa Kakontwe wanauliza: «Mutoto haone tena muzuri. Nimupe karoti?» Jibu: inategemea haone nini, na haone saa gani.

Tukumbuke kwanza. Masomo yalifungwa katika nchi yote tarehe 19 Machi 2020. Wanafunzi wa miaka ya mwisho walirudi 10 Agosti, wengine walingoja 12 Oktoba. Tarehe 18 Desemba yakafungwa tena, mpaka 22 Februari 2021. Muda huo wote mwalimu hakuwa mbele ya mtoto. Na mara nyingi mwalimu ndiye wa kwanza kuona mtoto anayekunja macho mbele ya tablo, anayeshika daftari karibu na pua, ao anayenakili kwa jirani. Matatizo mengi yalikuwa yamejificha nyumbani.

Haone mbali

Hapa jicho limerefuka kupita kipimo. Inatoka kwa familia, lakini pia kwa kukaa ndani sana, macho karibu na daftari ao telefone. Katika mji wa Feicheng, China, watoto wa miaka 6 walipimwa mwaka 2020 kisha kufungiwa nyumbani: 21,5 kwa mia walikuwa na dalili za tatizo hilo. Katika miaka mitano ya mbele hesabu haikupita 5,7 kwa mia.

Mtoto huyu, karoti haimsaidii, wala viazi. Anahitaji miwani, ndiyo lineti, ya kupimiwa na munganga wa macho, si ya kuchagua sokoni. Kwa kuzuia, watoto wacheze inje kwa mwanga wa mchana, muda wa saa mbili kila siku.

Haone jioni

Jua likizama, wenzake wanaendelea kucheza, yeye anagonga viti ao anakaa pahali pamoja. Hiyo ni alama ya upungufu wa vitamini A. Ukiachwa, jicho linakauka, kioo chake kinapata kidonda, na upofu wa namna hiyo haurudi nyuma.

Surua inaongeza hatari, kwani inamaliza vitamini A mwilini. Na surua kubwa ilipiga nchi yetu toka 2019 mpaka Agosti 2020: wagonjwa zaidi ya 380 000, vifo karibu 7 000. Covid ilitukuta ndani yake.

Mtoto asiyeona jioni, ao aliyeugua surua na macho yanamsumbua, apelekwe kituo cha afya siku ileile. Usingoje mavuno. Usimpe vidonge vya vitamini A bila munganga, maana vikizidi vinadhuru.

Kazi ya shamba

Shamba linazuia ugonjwa huu wa pili. Bukari ya muhindi mweupe inashibisha, lakini haina vitamini A. Tuweke pembeni yake:

– Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa. Gramu 125 za aina nzuri, ni kusema kiazi kimoja kidogo, zinatosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Kwa kueneza viazi hivi, Robert Mwanga wa Uganda alikuwa kati ya watu wanne waliopata Zawadi ya Chakula ya Dunia mwaka 2016.
– Lengalenga, sombe na matembele.
– Maboga, papai na maembe yaliyoiva.
– Mafuta ya mawese mekundu. Mwili unahitaji mafuta ili upate vitamini ya mboga, basi tia hata kijiko kimoja.

Panda viazi mvua ikishika: vipande vya mashina vya sentimeta 30, matuta yaachane metre 1, shina na shina sentimeta 30. Wakati wa kiangazi, linda mashina ya mbegu karibu na maji, sivyo mwaka unaofuata utaanza bure. Mboga za kukausha zianikwe kivulini, kwa sababu jua kali linaua vitamini.

Fanya leo

Weka watoto wako pamoja, hatua sita toka ukuta wenye maandishi. Kila mmoja afunike jicho moja, asome, kisha abadilishe. Anayeshindwa pale wenzake wanaposoma, apelekwe kupimwa. Jioni, angalia nani anatembea kwa kupapasa. Wa kwanza anahitaji lineti, wa pili anahitaji kituo cha afya, kisha sahani yenye rangi. Tusiwachanganye.