Fahamu: Flashi inavyoipa uhai kompyuta kuukuu
Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Kuzitupa ni hasara kubwa, kwani nyingi bado ni nzima.

Dawa moja inaingia kwenye flashi. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 nchini Finland, ni programu huria: mtu anaipakua bure na kuiandika kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Kunakili faili tu, kama mtu anayehamisha nyimbo, hakutoshi. Na vyote vilivyokuwemo kwenye flashi hiyo hufutika, hivyo vihamishwe mapema.

Kisha vidole viwe vyepesi. Mara mashine inapowashwa, kabla nembo haijatoweka, hubonyezwa F12, F9 au Esc, kulingana na mtengenezaji. Orodha hujitokeza, flashi huchaguliwa, na baada ya muda mfumo mzima wa Linux uko mbele ya macho. Diski ya ndani haijaguswa. Picha za harusi na hesabu za duka ziko palepale. Huu ndio wakati wa kujaribu Wi-Fi, sauti na printa.

Kati ya matoleo ya Linux, Linux Mint inahitaji RAM ya angalau GB 2. Kwa mashine dhaifu zaidi ipo Puppy Linux ya Barry Kauler, iliyotoka 2003, ambayo hujipakia kwenye RAM na kukimbia humo.