Nchi Tambarare na Mawingu Yake

Leo kila mtu na achukue karatasi yake. Igawe kwa macho mafungu matatu yaliyo sawa, toka juu mpaka chini. Sasa piga mstari mmoja tu, pale fungu la chini linapoanza. Chini ya mstari ni nchi, na juu yake ni mbingu.

Hivyo ndivyo ilivyogawika picha ya Mholanzi mmoja, Jacob van Ruisdael, aliyoichora karibu na mwaka 1670. Ni picha ndogo, haifiki mita moja, nayo imewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Mauritshuis, mjini The Hague. Inaonyesha Haarlem, mji aliozaliwa.

Mtu atauliza, mbona mbingu imepewa nafasi kubwa hivyo? Uholanzi haina milima ya maana. Ukisimama shambani, kitu kikubwa mbele yako ni mawingu. Lakini katika picha hii mawingu yana kazi. Yametia kivuli sehemu kubwa ya nchi, ila mahali pachache jua limepenya, na hapo ndipo mchoraji anapotaka tutazame.

Tunaona nini hapo? Vitambaa vya kitani, virefu na vyeupe, vimetandazwa juu ya majani. Haarlem ilisifika kwa kazi ya kung'arisha kitani, hata vitambaa vya nchi nyingine vililetwa huko. Viliroweshwa katika maji ya majivu, kisha katika maziwa yaliyochachuka, vikaanikwa juani siku nyingi. Wafanya kazi wanaonekana wadogo kama siafu, lakini wamo.

Zamani, katika nchi nyingi za Ulaya, mashamba na miti vilichorwa nyuma tu ya watakatifu au wafalme. Huko Uholanzi makanisa ya Kiprotestanti hayakuagiza tena picha za watakatifu, basi wachoraji wengi wakawa hawana budi kuuza sokoni kama wauza samani. Mwingereza John Evelyn alipofika Rotterdam mwaka 1641 alistaajabu kuona picha tele, tena za bei rahisi, zikiuzwa gulioni.

Na wanunuzi walitaka kuona nchi yao. Mimi siwashangai, kwa kuwa waliipata kwa jasho. Kaskazini ya Amsterdam palikuwa na ziwa kubwa, jina lake Beemster. Walilizungushia tuta la udongo, wakachimba mfereji nje ya tuta, wakajenga vinu vya upepo zaidi ya 40. Upepo ulizungusha vinu, vinu vikateka maji na kuyamwaga mferejini. Mwaka 1612 ziwa lilikuwa limekauka, na pakapatikana mashamba kiasi cha hekta 7,000. Tuta likibomoka, maji hurudi.

Bei rahisi ilimlazimu mchoraji kufanya haraka. Jan van Goyen, aliyezaliwa Leiden mwaka 1596, alitumia rangi chache tu, kahawia, kijivu na kijani, akaipaka nyembamba mpaka ubao wenyewe ukaonekana chini yake. Kwa njia hiyo alichora picha zaidi ya 1,000: mito, mashua, vibanda na mbingu yenye mvua. Ndizo ninazozipenda mimi kuliko zote, ingawa hazina fahari. Hata hivyo hazikumtajirisha. Alijaribu biashara ya viwanja, kisha ya maua ya tulipu, na mwaka 1637 bei ya maua hayo ilianguka ghafula. Alikufa mwaka 1656, madeni yake hayajaisha.

Sasa mwalimu atawaandikia ubaoni maneno manne ya leo: tuta, mfereji, kinu, kitani. Yasomeni kwa sauti, kisha kila mtu atunge sentensi moja kwa kila neno. Kwaherini mpaka juma lijalo.