Mume Naye Apimwe

Ndoa ikitimiza mwaka bila mimba, mawifi huanza kunong'ona na mke akasukumwa kwa mganga. Mume habanduki barazani. Ndugu msikilizaji, hapo ndipo miezi inapopotea bure.

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa kuna tatizo baada ya miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Mke aliyezidi miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Kipimo cha kwanza ndicho rahisi: shahawa za mume zitazamwe kwa hadubini, wingi wa mbegu, mwendo na umbo lake. Nguvu za kitandani si ushahidi. Mwanamume shupavu aweza kuwa hana mbegu hata moja.

Kwa mke huangaliwa kama mayai yanapevuka, kisha mirija, kwa eksirei na dawa ya kuonyesha njia. Mirija kuziba ndiyo kesi nzito. Mara nyingi ni kovu la kisonono au klamidia isiyotibiwa, pengine iliyoletwa na mume huyo huyo, na kovu haliondoki kwa vidonge. Hubaki upasuaji, au yai kurutubishwa nje ya mwili, kama alivyopatikana Louise Brown huko Uingereza mwaka 1978. Ila wenye mshahara wa kawaida wanaoimudu gharama yake ni wachache.