Helmeti ya ofa: Biashara ya vifaa vya usalama vya bodaboda Kitengela na Kajiado

Pikipiki mpya ikitolewa dukani Kitengela, mara nyingi hutoka na helmeti mbili na rifleksa mbili zimefungwa juu ya tangi. Muuzaji huita hiyo ofa. Kijana anayeinunua, aliyehangaika miezi kadhaa kukusanya dipoziti na ambaye atalipa salio kila siku kwa simu, havikagui vifaa hivyo. Amekuja kukagua injini, tairi na stakabadhi. Hivyo kifaa kitakacholinda kichwa chake ndicho pekee ambacho hakukichagua, hakukijaribu wala hakukiulizia bei.

Biashara nzima ya vifaa hivi imejengwa juu ya kutojali huko. Mnunuzi halisi wa helmeti za bei ya chini si mwendeshaji, bali ni duka linalotaka kutimiza sharti kwa gharama ndogo kabisa. Sheria ya Trafiki, kupitia marekebisho ya 2012, inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi linaloakisi mwanga, na inaruhusu abiria mmoja tu. Afisa wa trafiki aliyesimama Isinya anaangalia kama helmeti ipo kichwani. Hawezi kuipasua aone ndani mna nini. Basi soko likazalisha kitu cha kumridhisha afisa.

Pikipiki zenyewe zilimiminika baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT mwaka 2008 kwa zile zenye injini ya chini ya sisi 250. Boxer, TVS na nyinginezo zikawa mtaji wa kwanza wa vijana wengi, na baadaye kampuni za mikopo kama Watu na Mogo zikafanya iwezekane kuanza bila fedha taslimu za kutosha. Leo Boxer 150 mpya inakaribia laki mbili. Helmeti inayotolewa nayo ni ya aina inayouzwa vibandani kwa chini ya shilingi elfu mbili, tena wakati mwingine nusu ya hapo.

Kitengela ni mahali pazuri pa kuitazama hesabu hii. Sensa ya 2019 iliukuta mji huu na watu 154,436 katika kaunti yenye watu 1,117,840, na mitaa yake imetawanyika mbali na barabara kuu ya Namanga ambako matatu hupita. Anayeshuka barabarani hapo jioni akielekea ndani ndani anategemea bodaboda. Lakini waendeshaji wake si wa namna moja. Yuko wa mtaani, anayepita vumbi na mashimo kwa mwendo wa pole, na mvua ikinyesha anateleza kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Na yuko wa lami, anayebeba abiria au mzigo kwenda Kisaju, Isinya hadi mjini Kajiado, akipishana na trela za mpakani na malori ya saruji ya viwanda vya Athi River. Wote wawili huuziwa helmeti ile ile. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nguvu ya mgongano haiongezeki maradufu tu, bali mara nne. Mtu wa lami akinunua kwa kuiga wenzake wa mtaani, anajidanganya.

Utafiti uliokusanywa na kuchapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mwaka 2024 watu 4,748 walikufa katika barabara za Kenya kwa hesabu ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani. Kundi kubwa zaidi ni la watembea kwa miguu, na linalofuata ni la wa pikipiki.

Kazi ya helmeti hufanywa na ile povu nyeupe ngumu iliyo ndani, wala si ganda la nje linalong'aa. Povu hiyo hubonyea na kula nguvu ya pigo kabla haijafika kwenye ubongo. Helmeti nyingi za bei rahisi zina ganda la plastiki, kitambaa laini cha kupendeza, na katikati yake sponji au povu nyembamba isiyotosha. Ukiwa dukani, vuta kitambaa pembeni kwa kidole. Ukikuta sponji inayobonyea kama ya mto wa kulalia, umepata kofia ya kuzuia upepo. Povu ikiwa ngumu na nene, kote hadi pande za masikio, endelea kuangalia.

Kisha tafuta alama nyuma au kwenye mkanda. Herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na nambari, ni ya Kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa: kielelezo chake kilipigwapigwa maabara kabla ya kuruhusiwa sokoni. Alama ya DOT ya Marekani ni jambo jingine. Kule mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe na serikali hukagua baadaye, ndiyo maana stika ya DOT ni rahisi kubandikwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Bidhaa zinazoagizwa kutoka nje zinapaswa pia kuwa na stika ya KEBS, shirika la viwango, na nambari iliyo juu yake unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ukajibiwa kama ni halali. Ni jambo la dakika moja. Muuzaji akinuna unapofanya hivyo, amekwisha kukujibu.

Saizi nayo huharibu hata helmeti nzuri. Helmeti za ofa kwa kawaida huja kwa kipimo kimoja, na kichwa ndicho kinacholazimika kukubaliana nayo. Pima kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, ununue kwa sentimita. Ukiivaa, ibane mashavu bila kuuma. Funga mkanda, inamisha kichwa, na umwambie mwenzako aisukume kutoka nyuma kwenda mbele. Ikivuka paji la uso, barabarani itakutangulia. Mkanda wenyewe ukaguliwe: kifungo cha plastiki kikivunjika watu hufunga fundo au huacha ukining'inia, na helmeti isiyofungwa ni mzigo tu. Ya mtumba usinunue hata iwe ya jina kubwa, kwa sababu povu iliyokwisha kubonyea haijirudi, na kwa nje huwezi kuona. Kioo kilichokwaruzwa na vumbi la Kitengela kibadilishwe. Taa za lori zikikipiga usiku huoni kitu.

Helmeti ya abiria ndiyo inayopuuzwa zaidi, ilhali ndiyo yenye faida ya moja kwa moja. Wateja huikataa kwa sababu za maana: inanuka, inaharibu nywele zilizosukwa, na mzazi anaogopa mtoto ataambukizwa mapunye. Watafiti waliosimama barabarani Thika na Naivasha miaka ya mwanzo ya 2010 waliona abiria wakivaa helmeti kwa nadra kuliko waendeshaji. Kampuni ya bodaboda ya SafeBoda, iliyoanzia Kampala mwaka 2014 na kuingia Nairobi mwaka 2018, iliifanya helmeti ya pili kuwa sehemu ya huduma yenyewe, na helmeti zake za rangi ya chungwa zikawa tangazo barabarani. Ilifunga shughuli zake hapa nchini mwaka 2020, lakini hoja yake ingali hai. Mwendeshaji wa Kitengela mwenye helmeti safi ya abiria, yenye kitambaa cha ndani kinachotoka na kufuliwa, na vikofia vyepesi vya nailoni mfukoni, ana kitu cha kumuuzia mwalimu au mfanyakazi wa benki anayetafuta mtu wa kumbeba kila asubuhi.

Kuhusu nguo, wengi hununua dhidi ya baridi, na mwezi Julai katika uwanda huu nani atawalaumu? Jaketi zito huvaliwa mbele nyuma ili kuzuia upepo kifuani, na usukani hufunikwa mifuko ya mikono. Lakini jaketi la sponji huchanika lami inapoligusa. Ngozi halisi, au kitambaa kizito kilichotengenezwa kwa ajili ya pikipiki chenye vikinga kwenye viwiko na mabega, ndivyo vinavyostahimili msuguano, na mitumbani hupatikana kwa mwenye subira. Vikinga vya kweli huwa na alama ya CE na nambari EN 1621. Fedha zikiwa chache, ningeanza na glavu na viatu kabla ya jaketi: anayeanguka hutanguliza viganja, na mguu ndio unaobanwa chini ya pikipiki. Akala na malapa havifai. Gambuti ni afadhali kwenye tope ingawa hazishiki kifundo cha mguu. Shuka na leso zinazopepea, ambazo Kajiado ni vazi la heshima, zifungwe vizuri kabla ya safari, maana zikinaswa na mnyororo au spoki humvuta mwenye kuvaa. Na ule mwavuli mkubwa unaofungwa juu ya pikipiki, nitasema wazi, ni tanga la jahazi: trela ikipita kwa kasi karibu na Isinya, ndio unaoamua uende wapi.

Rifleksa ni ya shilingi mia chache na haina cha kujadiliwa, isipokuwa iliyofifia kwa jua haiakisi tena na inahitaji kubadilishwa.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo kila mtu husema hana. Helmeti yenye alama ya kuaminika huanzia kama shilingi elfu sita. Ikiongezwa kwenye mkopo wa pikipiki wa miezi 18, bila kuhesabu riba, ni shilingi 11 kwa siku, fedha ambazo mwendeshaji hazioni kwenye malipo yanayofika mamia ya shilingi. Mkopeshaji naye ana sababu ya kutaka hivyo: mteja aliyelazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kajiado halipi. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza. Vyama vya steji, ambavyo tayari vinachangishana kwa mazishi na matibabu, vina nguvu ya kununua kwa jumla na kudai saizi tofauti, jambo ambalo mtu mmoja haliwezi.

Kwa hiyo wewe unayekwenda kuchukua pikipiki yako ya kwanza, kabla ya kutia sahihi mwombe muuzaji aondoe zile helmeti mbili za ofa na akupunguzie bei yake, au akuuzie nzuri uongeze tofauti. Akikataa, chukua pikipiki, lakini usibebe abiria hata mmoja kabla hujanunua helmeti inayokutosha.