Chujio la Oili la Pembeni Katika Land Rover za Zamani

Viko vyama vya msingi ambavyo hadi leo hutegemea Land Rover ya zamani kwa kupeleka mbolea na dawa vituoni na kwa kufuata mahitaji mjini. Magari hayo, yaani yale ya Series II, IIA na III yaliyotengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1958 hadi 1985, yana sifa ya uvumilivu, na si ajabu kulikuta moja ambalo limekwisha badilishwa kila kitu isipokuwa chesisi. Miongoni mwa mabadiliko ambayo mafundi huzipendekezea kamati ni kuliondoa chujio la oili mahali pake katika ubavu wa injini na kulifunga pembeni, kwenye madigadi au kwenye ukuta wa bati ulio mbele ya dereva, likiunganishwa na injini kwa mipira miwili. Kazi hiyo yaweza kuwa na manufaa. Yaweza pia kuiua injini kwa muda wa dakika chache, kama ilivyotokea katika chama kimoja cha wakulima wa kahawa ambacho jina lake halina haja ya kutajwa.

Gari la chama hicho lilikuwa likidondosha oili kila lilipoegeshwa. Fundi aliyeitwa aliieleza kamati kuwa chujio la asili limechakaa, na kwamba dawa yake ni chujio la pembeni. Kamati ilikubali bila ya swali, wala muhtasari wa kikao hauonyeshi ni nani aliyekwenda kulitazama gari lenyewe. Mipira iliyotumika ilikuwa ya petroli, ikakazwa kwa klipu za kawaida. Katika wiki ya tatu, gari likipanda mlima na shehena ya mbolea, mpira mmoja uliokuwa ukisuguana na ukingo wa chuma ulitoboka. Dereva aliiona taa ya oili ikiwaka, akadhani ni hitilafu ya waya, kwa kuwa taa hiyo ilikuwa na desturi ya kuwaka ovyo tangu zamani. Akaendelea ili afike kijijini. Hakufika. Beringi zilikwisha, krankshafti ikaharibika na konrodi moja ikatoboa ubavu wa injini. Fedha zilizokuwa zimetengwa kununulia magunia ya msimu zikanunulia injini nyingine, na kahawa ya wanachama ikapokelewa ghalani katika magunia ya kuazima.

Lililoudhi zaidi lilionekana baadaye. Chujio la zamani lilipatikana kwenye kona ya ghala likiwa na pete mbili za mpira, moja juu ya nyingine.

Chujio la asili la gari hili ni bakuli la chuma lenye karatasi ya kuchujia ndani yake, nalo hushikwa na bolti moja ndefu ipitayo katikati. Mdomo wa bakuli huzibwa na pete ya mpira inayokaa katika mfereji mwembamba. Pete hiyo ikizeeka hukauka na kunata humo mferejini hata ikafanana na chuma chenyewe. Fundi mwenye haraka huweka pete mpya juu ya ile ya zamani, bakuli halikai sawasawa, na oili huanza kuvuja. Kwa hiyo, kabla ya kamati kuidhinisha hata senti moja kwa ajili ya chujio la pembeni, katibu na adai mfereji huo uchokolewe kwa ncha isiyo kali na pete moja tu, iliyo mpya, iwekwe. Magari mengi yanayosemekana kuwa na chujio bovu hupona hapo. Vipo pia vipande vya kuunganishia ambavyo huliondoa bakuli na kuruhusu chujio la kisasa la kopo kukazwa papo hapo kwenye injini, bila ya mipira yoyote. Hii ni njia nzuri kwa chama kinachochoshwa na kazi ya bakuli na pete zake.

Chujio la pembeni lina sababu ya haki pale tu ambapo chujio haliwezi kukaa kwenye injini. Mara nyingi jambo hili hutokea injini ya asili ilipoondolewa na badala yake ikafungwa injini ya dizeli ya gari la Kijapani, ambayo chujio lake hugonga chesisi au vyuma vya usukani, au halifikiki kwa mkono. Hapo hapana budi lihamishwe. Lakini isemwe wazi kwamba chujio likihamishwa halizidishi nguvu za gari wala halipunguzi matumizi ya mafuta. Linaloongezeka bila shaka ni maungio, na kila ungio ni mahali papya pa kuvujia.

Ili kuielewa hatari, yafaa kuifuata oili katika safari yake. Pampu huivuta kutoka katika sampu, yaani karai la chini, na kuisukuma hadi kwenye chujio. Kutoka hapo huingia katika njia za ndani ya injini na kuzifikia beringi. Oili yote inayokwenda kwenye beringi hupita katika chujio. Basi chujio linapohamishwa, mpira mmoja huwa ndio njia ya oili kutoka injini, na wa pili ndio njia ya kurudi. Ukikatika wowote kati ya hiyo miwili, pampu huimwaga oili yote barabarani, na kadiri dereva anavyokanyaga ndivyo inavyomwagika upesi.

Kwa sababu hiyo mipira ndiyo kiini cha kazi nzima. Katika Land Rover yenye injini ya asili ya sentimita za ujazo 2286, presha ya oili injini ikiwa moto na ikienda kwa mwendo wa kawaida ni kati ya pauni 35 na 65 kwa kila inchi ya mraba, na asubuhi ya baridi, oili ikiwa nzito, yaweza kupanda zaidi. Mpira wa maji au wa petroli haukutengenezwa kwa presha hiyo pamoja na joto la oili. Unaotakiwa ni mpira wa oili wenye nyuzi za kuimarisha ndani yake, wenye tundu la upana wa milimita 12 hivi, na ambao ncha zake zimebanwa kwa mashine katika karakana zinazotengeneza mipira ya matrekta. Fundi akisema klipu zinatosha, atafutwe fundi mwingine.

Mipira na iwe mifupi kadiri inavyowezekana, lakini isivutike, maana injini hutikisika juu ya vikalio vyake vya mpira ilhali madigadi haitikisiki nayo. Isipite karibu na bomba la moshi, wala isiguse ukingo wowote wa bati. Chujio lenyewe lifungwe mdomo ukitazama juu, ili oili ibaki ndani gari likizimwa, na lisining'inie chini ya chesisi ambako mawe ya barabarani hulifikia.

Kosa la pili, ambalo ni baya kwa sababu halionekani kwa macho, ni kuibadilisha mipira: wa kwenda ukafungwa pa kurudi. Chujio la kopo lina matundu madogo yanayozunguka na tundu moja kubwa la katikati lenye thredi. Oili huingia kwa matundu ya pembeni na kutoka kwa tundu la katikati. Ndani ya matundu hayo madogo, katika machujio mengi, mna ulimi wa mpira unaozuia oili isirudi nyuma gari likizimwa. Mipira ikigeuzwa, oili husukumwa dhidi ya ulimi huo, nao huziba. Pampu hufanya kazi, vali ya usalama huirudisha oili kwenye sampu, na beringi hubaki zikisagana. Tena, ikiwa swichi ya taa ya oili imefungwa upande wa kabla ya chujio, taa itazimika kana kwamba mambo ni shwari! Kwa hiyo swichi hiyo, au bomba la geji, ifungwe upande wa oili inayorudi injini. Vichwa vingi vya machujio huwa na mishale. Visipokuwa nayo, fundi apulize kwa mdomo katika kila tundu na kuona hewa inatokea wapi, kisha aitie mipira alama ya rangi.

Usafi nao una hesabu yake. Mpira ukikatwa kwa msumeno huacha chembe ndani, na chembe zilizo katika mpira wa kurudi huenda moja kwa moja kwenye beringi, kwa kuwa chujio wamekwisha lipita. Ndivyo ilivyo pia kwa vipande vya ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Mipira ioshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa kwa hewa kabla ya kufungwa. Thredi nazo zichunguzwe: za Kiingereza na za Kimarekani hufanana kwa macho, zikakubali kuingiana mizunguko michache kisha zikang'ang'ania. Mwenye kutumia nguvu hapo hupasua kichwa cha aluminiamu.

Siku ya kuwasha injini isifanywe haraka. Chujio jipya lijazwe oili kadiri litakavyopokea, pete yake ipakwe oili, likazwe kwa mkono hadi liguse na kisha robo tatu ya mzunguko. Waya mkuu wa koili uchomolewe, au kwa dizeli kamba ya kuzimia ivutwe, na stata ipigwe kwa vipindi vya sekunde kumi hivi, ikipumzishwa kila mara, mpaka taa ya oili izimike au geji ipande. Ndipo injini iwashwe na kuachwa iende polepole huku maungio yote yakitazamwa kwa tochi. Izimwe, oili ipimwe, na iongezwe. Mita mbili za mpira wa milimita 12 peke yake hubeba karibu robo lita, mbali na kiasi kinachobaki katika chujio.

Dereva aandikiwe katika kitabu cha gari kwamba taa ya oili ikiwaka njiani gari lisimamishwe na kuzimwa pale pale, hata kama kijiji kinaonekana, na taa yenye desturi ya kuwaka ovyo itengenezwe kabla ya kazi hii, si baada yake. Maungio yatazamwe kila asubuhi kwa wiki ya kwanza, halafu kila Jumatatu, na dereva atie sahihi. Bakuli la zamani, bolti yake na kichwa chake si chuma chakavu cha kuachiwa fundi: ni mali ya chama, viingizwe katika leja ya ghala, kwani injini ya asili ikirudishwa siku moja vitahitajiwa.