Mawe Mawili Yaliyozaliwa Motoni

Mtu apitaye katika mitaa ya Goma huliona jiwe jeusi kila mahali: katika kuta za nyua, katika misingi ya nyumba, na chini ya miguu yake. Mara nyingi lina vitundu vingi kama mkate uliochachuka. Lakini msafiri afikaye Mwanza, huko Tanzania kando ya Ziwa Victoria, hukuta majabali makubwa ya kijivu, mengine yamepandana hata hudhaniwa kwamba yataanguka kesho. La Goma ni ndugu wa basalti. La Mwanza ni graniti. Yote mawili zamani yalikuwa uji wa moto. Mbona basi hayafanani?

Swali hilo liliwashindanisha wataalamu wa Ulaya. Wengi walishikilia kwamba graniti ilijitenga na maji ya bahari ya kale, kama chumvi ibakiavyo chunguni. Mwaka 1785 Mskoti James Hutton alikwenda katika bonde la Glen Tilt, akaona mishipa ya graniti imepenya ndani ya mawe mengine. Kitu kigumu hakipenyi hivyo. Lazima kilikuwa kimeyeyuka. Mwaka 1798 rafiki yake, James Hall, aliyeyusha mawe ya namna ya basalti tanuruni. Yalipopozwa upesi yakawa kama kioo. Yalipopozwa polepole yakarudia kuwa mawe yenye chembe.

Siri kubwa ni hiyo. Graniti hupoa chini sana ya ardhi, imefunikwa na mawe mengine kama viazi katika majivu ya moto, na huenda ikachukua miaka maelfu na maelfu. Chembe zake hupata nafasi ya kukua: kwatzi ing'aayo, feldispati nyeupe au nyekundu, na ulanga umetametao. Mwanafunzi huziona bila kioo cha kukuzia. Basalti hutoka nje, hukutana na hewa au maji, hukauka kabla chembe zake hazijakua. Vitundu vyake ni alama za mvuke na hewa iliyokuwa ikitoroka.

Graniti ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Tukiiona leo juani, tujue kwamba mawe yote yaliyoifunika yamekwisha kuliwa na mvua. Maji yaliingia katika nyufa zake, yakalainisha pembe, udongo ukachukuliwa, yakabaki yale majabali ya mviringo.

Lakini kupoa si tofauti pekee. Asili nayo yatofautiana. Basalti hutoka katika mawe mazito yaliyo chini ya gamba la dunia, nayo ina silika karibu nusu ya uzito wake. Graniti nyingi huzaliwa ndani ya gamba lenyewe la mabara, na silika yake hufika kama sehemu 70 katika 100. Silika nyingi huufanya uji uwe mzito kama ugali. Silika chache huuacha utiririke.

Jambo hili si la darasani tu. Uji wa Nyiragongo una silika chini ya sehemu 40 katika 100, pungufu hata kuliko basalti, na kwa hiyo ni mwepesi ajabu. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa kileleni lilimwagika kwa muda usiotimia saa moja, na watu wengi hawakuweza kulikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 uji ulipita katikati ya Goma mpaka ziwani Kivu, ukiteketeza hata kanisa kuu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatoa moto tena.

Hata hivyo jiwe jeusi, likisha kuoza kwa muda mrefu, huzaa udongo wenye rutuba, kama ule wa Rutshuru. Graniti kwa kawaida huacha mchanga usio na nguvu kwa shamba. Na huko Goma, baada ya 2002, watu walirudi viwanjani mwao, wakapasua lava iliyozifunika nyumba zao, wakajengea kuta mpya.