Sanamu ndogo za Warega: zilihama Pangi, mithali zikabaki

KINDU – Huko Marekani na Ulaya, watu wazima wengi wanatumia pesa zao kukusanya treni za kuchezea na sanamu ndogo za mashujaa wa sinema. Mtindo wa sanamu ulipata nguvu tangu mwaka 1964, kampuni ya Hasbro ilipoanza kuuza askari wa plastiki aitwaye G.I. Joe. Mkusanyaji makini hafungui boksi: sanamu ikiguswa, bei inashuka.

Huku Maniema, wazee walikuwa na mikusanyo ya sanamu ndogo zamani sana kabla ya plastiki. Lakini kanuni yao ilikuwa kinyume: sanamu isiyoguswa haikuwa na kazi.

Ni sanamu za Warega, wanaoishi hasa katika teritware ya Pangi, jimboni Maniema, na vilevile Shabunda na Mwenga, katika Kivu Kusini. Chama chao cha Bwami kilikuwa na ngazi nyingi. Mtu alipanda kwa mafundisho, kwa mali na kwa mwenendo mwema. Ngazi ya juu kabisa ya wanaume inaitwa kindi. Wanawake nao walikuwa na ngazi zao, wakipanda pamoja na waume zao.

Sanamu hizo, za mti, za mfupa au za pembe ya ndovu, zilitumiwa kufundisha. Kila moja ilikuwa na mithali yake, na mithali hiyo ilienda pamoja na wimbo na ngoma. Sakimatwematwe, yaani mwenye vichwa vingi, ni mfano wa mzee anayetazama pande zote kabla ya kukata maneno. Nyingine ni ya mwanamke mjamzito, na fundisho lake ni matata yanayoletwa na uzinzi.

Wenye sanamu walizipaka mafuta na kuzisugua hadi zikang'aa. Mwenyewe akifa, zilikwenda kwa yule aliyerithi nafasi yake.

Mwaka 1948, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipiga Bwami marufuku. Baadhi ya sanamu zilinyang'anywa, zingine ziliuzwa. Mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyeishi kati ya Warega katika miaka ya 1950, aliandika mafundisho mengi ya wazee, na mwaka 1973 akatoa kitabu kikubwa juu yao.

Leo sanamu hizo ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, na katika jumba la Fowler, mjini Los Angeles. Fowler ilipewa mkusanyo mkubwa na Jay Last, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Fairchild Semiconductor huko California. Zingine ziko nyumbani kwa matajiri. Na kitu wanachokipenda sana wanunuzi ni ule mng'ao wa zamani, ambao ni kazi ya mikono ya wazee wa Bwami.

Je, zitarudi? Mwezi wa pili 2022, Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu takriban 84,000 vilivyoko Tervuren. Mwaka huo huo, ilipitisha sheria inayofungua njia ya kuvirudisha. Lakini sheria hiyo inahusu mali ya serikali tu. Sanamu iliyoko sebuleni kwa mtu binafsi haimo.

Hata ikirudi, sanamu peke yake haisemi kitu. Anayeijua mithali yake ni mzee aliyeisikia kwa wazee wake, na mzee huyo hayuko Tervuren wala Los Angeles. Kumrekodi hakuhitaji sheria ya Brussels. Simu moja na siku chache za safari kwenda Pangi zinatosha, wakati wazee wangali hai.